Pointi za Kuku

Mke wangu alikuwa hajawahi kuiona bahari, na tangu tukiwa wachumba nilikuwa nimemwahidi kumpeleka. Nilichelewa kwa sababu ya msimamo. Nilikuwa nimeapa kwamba familia yangu itapanda ndege, na kwamba ndege hiyo sitailipia.

Msimamo huo niliupata kazini. Niko ofisi ya mauzo katika kiwanda kimoja cha magodoro pale Thika. Kuna mwaka bosi wetu alirudi kutoka likizo ya Dubai, akatugawia tende, kisha akatuambia kwamba hakulipa nauli. Alitumia pointi. Ukiwa na kadi ya mkopo, alieleza, kila unaponunua kitu benki inakupa pointi. Zikiwa nyingi unazigeuza kuwa maili za shirika la ndege, na maili zikitosha unapewa kiti. "Mtu mwenye akili hanunui tiketi," alisema. Wenzangu walikula tende wakarudi kazini. Mimi niliyapokea maneno yale kama watu wengine wanavyookoka.

Nikachukua kadi. Kuanzia hapo sikununua vitu tena kwa kuvihitaji. Nilivinunua kwa kukusanya. Tunaishi Mugutha, upande wa Ruiru, kwenye nyumba za kupanga zilizoota haraka kuliko barabara yao, na haikuchukua muda majirani wakaijua tabia yangu. Jirani akienda supamaketi nilimfuata, nikamlipia kwa kadi, naye akanirudishia pesa kwa simu. Baadhi yao walinisifu kanisani kwa moyo wa kusaidia. Mke wangu, ambaye ana saluni ndogo mjini Ruiru na kwao ni Kakamega, alichoka mapema. Siku nilipomwuliza mama mboga kama anapokea kadi, mke wangu aliziacha nyanya pale pale na kwenda zake nyumbani.

Lakini sukari na sabuni hazimpandishi mtu ndege. Kilichonipandisha, au tuseme kilichokaribia kunipandisha, ni kuku.

Mama yangu, ambaye sisi watoto wake tunamwita Maitu, anaishi Gatuanyaga, mashariki ya Thika, kule kwenye vumbi na mbuzi. Anafuga kuku wa mayai, na kuku wale wanakula kama shule ya bweni. Kila mwezi alikuwa ananipa pesa za mash, chakula chao, nami nanunua Thika na kumpelekea magunia Jumamosi. Pesa hizo zilikuwa zikipita mikononi mwangu miaka yote bila kuniachia chochote. Sasa nikaona mwanga. Nilimwendea mwenye duka la vyakula vya mifugo, mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapo hapo Thika, nikamwuliza kama ana mashine ya kadi.

Alinitazama juu ya miwani. "Card? Ya kuku?"

"Ya kuku, mzee."

Alipekua chini ya kaunta, akaitoa mashine, akaipangusa vumbi kwa mkono wa shati. "Hii kitu benki iliniletea. Hakuna mtu ametumia. Wewe una shida gani?"

"Nataka kwenda likizo na ndege."

Aliniangalia, akayaangalia magunia, kisha akabonyeza mashine bila kuuliza tena. Nadhani aliamua kwamba maadamu pesa inaingia, wazimu wa mteja si biashara yake.

Hapo lazima niseme jinsi Maitu na mke wangu walivyokuwa wakiishi. Hawakuwa wamekosana. Wangekosana, wangepatanishwa. Shida yao ilikuwa heshima. Tangu nilipooa, Maitu alikuwa akizungumza na mke wangu kupitia kwangu. Tukiwa mezani sote watatu angesema, "Mwambie bibi yako chai bado iko kwa thermos." Mke wangu, aliyekaa pale pale karibu na hiyo thermos, angenigeukia na kusema, "Mwambie Mum nimeshiba, asante." Nami nilipeleka na kurudisha, mkalimani wa watu wawili wenye Kiswahili kimoja. Nilizoea. Kusema kweli nilijiona mtu wa maana.

Basi kuku walikula, pointi zikapanda, na hatimaye zikatosha viti viwili vya kwenda Mombasa na kurudi. Dubai ilikuwa imeondoka kwenye mipango bila kuagwa. Benki nayo ikanikumbusha kwamba pointi hizo zina mwisho wa matumizi, kama maziwa, na mwisho wenyewe ulikuwa karibu. Nilipotafuta viti vya maili nilivipata mwezi wa tano tu, katikati ya mvua za masika, wakati ambapo watu hukimbia pwani badala ya kuiendea. Kulikuwa pia na kodi za uwanja wa ndege ambazo pointi hazizilipi. Hilo niliamua kutolitaja nyumbani. Niliomba likizo nikapewa, na mteja mmoja wa saluni akampa mke wangu chumba katika nyumba yake ya wageni kule Mtwapa. Ilibaki kuandika majina na kubonyeza.

Nisingeweza kupanda ndege bila kumwambia mama yangu. Jumapili tukaenda Gatuanyaga. Maitu alituwekea chai na viazi vitamu, nami nikamweleza kwamba tutakuwa Mombasa siku nne, na kwamba hatulipi nauli.

"Nani analipa?"

"Hakuna. Ni pointi."

Mke wangu, kwa nia njema kabisa, akasema, "Mwambie Mum hata kuku wake wamesaidia. Nyingi zimetoka kwa chakula chao."

Sikuwa na haja ya kumwambia. Maitu aliweka kikombe chini. Alitazama nje, banda la kuku lilipo, nami nikala kiazi ambacho sikukitaka.

"Kwa hivyo kuku wangu wanakupeleka Mombasa," alisema mwishowe.

"Si hivyo, Maitu. Ni benki."

"Benki inakula mash?"

Ilinibidi niseme kitu, na nilichosema ni kile ambacho mtoto yeyote aliyelelewa vizuri kwetu angesema, kwa sababu mzazi aliyelelewa vizuri naye anajua jinsi ya kukikataa.

"Basi chukua nafasi yangu, Maitu. Uende wewe."

"Sawa," alisema Maitu.

Nilingoja aendelee. Hakuendelea. Nilimtazama mke wangu anisaidie, naye alikuwa anaitazama dari. Nikakumbuka kwamba Maitu hajawahi kuondoka nyumbani kwake hata siku mbili, na nikaona mlango wa kutokea.

"Na kuku je? Nani atabaki nao?"

"Si una likizo?" Maitu alisema, na akaniongezea chai.

Njiani kurudi Mugutha, tulipokwisha kupita Thika, mke wangu alinigeukia. Nilidhani amekasirika kwa ajili yangu. "Kwa nini usinunue tiketi ya tatu?" aliniuliza. Nilimweleza kuhusu msimamo wangu: nikilipa nauli sasa, hiyo miaka yote ya kukusanya itakuwa na maana gani? Alinisikiliza hadi mwisho. "Umesema kweli," alisema. "Baki."

Siku ya safari niliwapeleka uwanja wa ndege. Maitu alivaa kofia yake ya kanisani, na sweta mbili kwa sababu alisikia huko juu ni baridi. Alikuwa na thermos ya chai, ambayo baadaye niliambiwa ilikataliwa kwenye ukaguzi. Alimmiminia askari kikombe, akamwambia anywe yeye na mwenzake kuliko kumwaga kitu cha Mungu. Niliwatazama wakiingia ndani, mmoja mbele, mwingine nyuma, kila mmoja na begi lake na kimya chake. Nilimwonea huruma mke wangu. Siku nne na Maitu, na mkalimani amebaki Gatuanyaga.

Mimi nilienda moja kwa moja kwa kuku. Maitu alikuwa ameniachia maagizo kwa mdomo, mengi, na nilidhani nimeyashika. Nilipofika tu niliingia bandani na jaketi jekundu, kuku wakarukiana hadi upande wa pili, wakarundikana kwenye kona. Mayai yakapungua. Mama mmoja jirani, anayechunga mbuzi wake kando ya ua wetu, alisimama kunitazama nikibeba ndoo za maji.

"Mama yako ako wapi?"

"Mombasa. Ameenda na ndege."

"Na bibi yako?"

"Wako pamoja."

Alifikiria. "Wewe walikuacha kwa nini? Mlikosana?"

"Hapana. Mimi ndiye niliyewapeleka."

"Ngai," alisema, akimwita Mungu kwa Kikuyu, akawafukuza mbuzi wake polepole, akigeuka kunitazama tena na tena.

Jioni Maitu alipiga simu. Nilimwuliza ndege ilikuwaje. Alisema ilikuwa fupi, wamepewa maji na kitu cha kutafuna, halafu wakateremshwa kabla hajazoea. Nilimwuliza kuhusu bahari. "Iko," alisema. "Kuku wamekula?"

Siku ya pili hakuna aliyepiga. Kufikia mchana nilikuwa nimeanza kuwa na wasiwasi, nikampigia mke wangu.

"Mvua imetufungia ndani tangu jana," alisema. Niliisikia ikipiga mabati.

"Pole sana. Na mnafanya nini?"

"Namsuka Mum."

Nilidhani sikusikia vizuri. Maitu amefunga kitambaa kichwani tangu nikiwa mdogo. Nywele zake mimi sijui rangi yake. "Unamsuka nini?"

"Nywele. Ngoja kidogo, anasema kitu." Kulikuwa na mnong'ono, kisha wote wawili wakacheka, kicheko kirefu cha watu walioanza kucheka kabla sijapiga. "Anasema tutakupigia."

Hawakunipigia. Nilikaa kwenye mlango wa banda nikiwa nimeshika simu. Nilijaribu kufikiri ni jambo gani lililokuwa la kuchekesha hivyo, na kila nililolipata lilikuwa mimi.

Picha ilikuja siku ya tatu, mvua ilipoachia. Maitu amesimama baharini maji yakimfika magotini, ameshika gauni kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili amemshika mke wangu begani asianguke. Kichwani ana mistari iliyonyooka kama shamba lililolimwa na trekta. Ameufungua mdomo. Niliikuza picha nione kama anapiga kelele au anacheka, na sikuweza kuamua.

Nilipowapokea uwanjani Jumamosi waliingia kwenye gari na kukaa nyuma wote wawili. Kiti cha mbele kilibaki na begi. Kutoka uwanja wa ndege hadi Gatuanyaga walizungumza habari za watu nisiowajua: mpishi wa pale Mtwapa, mwanamke mmoja aliyepoteza kiatu kwenye mchanga, dada yake mke wangu na ndoa yake, ambayo hata mimi sikuwahi kuambiwa ina shida. Nilipotaka kuingia kwenye mazungumzo niliuliza, "Kwa hivyo bahari uliipendaje, Maitu?"

"Mwambie," Maitu alimwambia mke wangu, "mimi nimechoka kueleza."

Nyumbani alipitia bandani kwanza, akatoka, akaenda hadi aliposimama mke wangu. "Amewatisha," alimwambia. "Angalia hiyo jaketi." Mke wangu aliangalia jaketi langu, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu aliyefuga kuku maisha yake yote.

Nilifurahi. Nataka nieleweke hapo. Yule mama na yule mke walikuwa wamenisumbua rohoni kwa miaka, nami sikuwahi kujua la kufanya, na hapo likawa limefanyika kwa sababu ya mvua na chumba kimoja chenye vitanda viwili. Ila furaha yenyewe ilikuja na uchungu kidogo, kama dawa ya kifua. Sasa wakiongea kwa simu jioni, mke wangu hutoka nje kwenye kibaraza. Nikimwuliza Maitu anasemaje, anasema, "Anakusalimia."

Mwezi uliofuata nilimkumbusha Maitu pesa za chakula cha kuku. Nilikuwa nimepiga hesabu zangu: kwa mwendo ule ule, kiti changu cha kwenda Mombasa kingepatikana, hata kama ni masika mengine. Maitu alisema nisijisumbue, chakula kimeshanunuliwa.

"Nani amenunua?"

"Mwenzangu."

Mke wangu alikuwa amechukua kadi yake mwenyewe. Alinieleza jioni ile akikunja nguo, bila kuficha chochote. Tena alitumia maneno yangu yote, pointi kuwa maili, maili kuwa kiti, na aliyasema vizuri kuliko bosi wetu. Wanataka kwenda Kisumu, na kutoka hapo wapande hadi Kakamega, Maitu akamwone mama mkwe wangu. Viti viwili.

"Na kuku?" niliuliza.

"Maitu anasema wameanza kukuzoea."

Alimwita Maitu. Si Mum.

Kwenye akaunti yangu ya ndege zilibaki maili chache, zisizotosha kiti chochote cha kwenda popote. Nilisoma orodha ya vitu vingine unavyoweza kupewa, nikapata kwamba zinatosha mwavuli. Niliuagiza. Ulifika baada ya majuma mengi, mweusi, mkubwa, wenye picha ya ndege pembeni. Mvua ikinyesha Mugutha natembea nao kutoka stendi hadi nyumbani, nikiruka madimbwi, na mara nyingine mtu asiyenijua vizuri huniuliza nilisafiri wapi. Namwambia Mombasa. Akiuliza ilikuwaje, namwambia bahari iko, na kwamba mwezi wa tano vyumba ni rahisi kupatikana.