Alisema Damu, Wakasikia Dawa

Siku aliyokuja yule nesi ofisini kwetu naikumbuka, mwanangu, hata sasa ambapo majina ya majirani yananipotea. Nilikuwa fundi mitambo kijana katika ofisi ya simu pale Tanga, msichana peke yangu kati ya wanaume. Mkubwa wangu aliitwa Mhandisi Nassoro, mzaliwa wa Pemba, mrefu, mtaratibu. Watu wote walimwita Mhandisi tu, hata mkewe.

Ilikuwa ile miaka ambayo sabuni na sukari vilikuwa vimeanza kurudi madukani, lakini ofisini kwetu shida ilikuwa bado haijaondoka. Vipuri hakuna. Waya za shaba zinaibwa kwenye nguzo, na zilizobaki zimeungwaungwa, chumvi ya bahari inakula maungio. Ukipiga simu Pangani, sikioni unasikia kama mtu anakaanga samaki, na sauti ya mwenzako iko ndani humo humo kwenye mafuta.

Nesi mwenyewe aliitwa Mariamu, Mbondei wa Muheza, na alifanya kazi katika zahanati moja ndogo ng'ambo ya mto Pangani. Alikuwa ametoka huko alfajiri, akavuka kwa pantoni, akapanda basi. Aliingia na sare yake, na kiti alichopewa hakukikalia.

"Shikamoo, Mhandisi."

"Marahaba, mama. Karibu."

"Nimekuja kuuliza jambo moja tu. Juzi nilipiga simu hospitali. Nilikuwa na mzazi, damu inamtoka, haikatiki. Nikasema leteni damu. Nikasema, nikarudia. Gari likaja. Limeleta dawa."

Mhandisi aliweka chini bisibisi aliyokuwa nayo. "Na mzazi?"

"Tumemzika jana."

Mhandisi akamuuliza, kwa sauti ya chini, "Ulipomaliza kusema, wa hospitali walikujibu nini?"

"Walisema, sawa, sawa, tumesikia."

"Hawakukurudishia neno lako?"

"Hawakurudisha. Wangerudisha ningejua kuwa hawakunisikia."

Yule mama hakuja kulaumu, mwanangu. Alikuja kwa sababu hakuweza kukaa na swali lile peke yake. Aliaga akaenda kusubiri basi. Lakini laini ile ya ng'ambo ya mto Mhandisi ndiye aliyeipitisha, nguzo kwa nguzo, enzi za ujana wake, na tangu siku ile hakuwa mtu yule yule. Chakula cha mchana alikuwa akikiangalia tu.

Kompyuta kwa miaka mingi zilikuwa zimepigwa marufuku kuingizwa nchini. Wakati huo soko lilikuwa limefunguliwa, nazo zikaanza kuonekana moja moja. Daktari mmoja mgeni aliyekuwa akirudi kwao aliacha mbili kuukuu, na Mhandisi akaziomba. Moja aliiweka kwetu, kwenye chumba cha mitambo, palipo na simu ya moja kwa moja ya hospitali. Ya pili tuliipeleka zahanati, ikawa inakula umeme wa betri ya gari. Kila moja aliifungia modemu, kile kidude kinachogeuza maandishi yakawa milio ili yapite kwenye waya wa simu. Tulikuwa tukisikia kwamba Dar es Salaam wako watu wameanza kutumiana barua kwa njia hiyo, lakini za kwao zilipita kwenye laini nzima. Yetu ilikuwa inakaanga samaki.

Kila Jumamosi tulikwenda Pangani. Nesi anaandika, sisi tunangoja, na tukirudi ofisini tunakuta kilichofika ni takataka za herufi. Wenzetu ofisini walicheka. Wengine walisema Mhandisi amechanganyikiwa. Mimi nilichoka mapema kuliko yeye, na Jumamosi moja, tukiwa juu ya pantoni, nikamwambia, "Mhandisi, laini hii imekufa. Tuiache."

"Haijafa," akasema. "Imechoka. Aliyechoka humtwishi gunia zima. Unampa kidogo, akifika salama, unampa kingine."

Nilidhani ananipumbaza ninyamaze, kumbe alikuwa amekwisha pata njia. Aliiandika upya ile programu yake ya kutumia barua kwenye modemu. Barua sasa ilikatwa vipande vidogo, maneno machache kila kipande. Kila kipande kikifika, mashine ya upande wa pili inakirudisha vile vile ilivyokipokea, na ya kwanza inalinganisha. Vikiwa sawa, kinakwenda kinachofuata. Visipolingana, kipande kile kile kinatumwa tena, na tena, mpaka kilingane. Siku hizi mambo kama hayo yanafanyika ndani ya simu yako bila wewe kujua. Wakati ule, pale Tanga, yalikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Barua ya kwanza iliyofika nzima ilitukuta ofisini asubuhi. Tulimwambia nesi aandike chochote anachotaka, nami nilitazamia salamu. Herufi zikaja taratibu, zinasimama, zinaendelea: *Mwanaharusi binti Kombo. Alihitaji damu.*

Mhandisi aliisoma mpaka mwisho. Akaandika *Imefika*, akatoka nje akaenda kunawa uso, na hakurudi haraka.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe ninalotaka ulisikie, maana nami nachoka kuongea.

Haukupita muda mrefu mabadiliko yakatufikia. Ofisi zinagawanywa, wafanyakazi wanapunguzwa, wanakuja wakubwa wapya wenye mikoba. Mhandisi alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuambiwa apumzike. Waliomwambia hawakujua hata ile mashine ya pembeni ni ya kazi gani. Aliondoka na kikombe chake cha chai na redio yake, basi.

Mimi damu ilinichemka. Nilikwenda kwake Ngamiani jioni ile ile, nikamkuta barazani anafungua redio ya jirani. Sikukaa hata. Nikamwambia nakwenda kuizima ile mashine, niing'oe na waya zake, wakubwa wakiulizwa na hospitali ndipo watajua wamemfukuza nani.

Alinitazama mpaka nikaona aibu kusimama.

"Kaa kitako, binti yangu. Unaizima ili nani asikie?"

"Wao."

"Wao hawapo kwenye waya ule. Kwenye waya ule yupo Mariamu. Ataandika, atangoja, asijibiwe. Umesahau alikuja ofisini kutuuliza nini?" Sauti yake ilikuwa imepanda, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. "Mimi wamenionea, ni kweli, na linaniuma. Usije ukanilipia kisasi kwa roho ya mzazi wa watu."

Nililia pale barazani. Mkewe akaniletea maji. Nikarudi kazini, mashine nikaiacha inawaka, na hasira yangu nikakaa nayo mwenyewe.

Masika yaliyofuata, barabara zimejaa matope, mashine ikaanza kulia milio yake asubuhi. Kipande cha kwanza: *Mzazi anavuja damu.* Kikarudi, kikalingana. Cha pili: *Leteni damu.* Laini ilikuwa mbaya siku hiyo, na kipande kile kilikataa mara nyingi. Kikifika *da*, kinakatika. Mwishowe kikafika kizima, na mashine ya zahanati ikakubali. Hapo hapo nikanyanyua simu ya hospitali, nikawasomea, nikawaambia wanisomee na wao. "Leteni damu," akasema wa upande ule. Nikamwambia, "Ndiyo. Damu."

Gari likaondoka na damu. Pantoni ilikuwa imekwisha ambiwa, ikalingoja. Mchana nesi akaandika kwamba mzazi amefumbua macho na ameomba uji.

Sikungoja jioni. Nilikwenda Ngamiani na sare yangu, nikamweleza Mhandisi yote bila kupumua. Hakushangilia. Aliuliza, "Walikurudishia neno?"

"Walirudisha."

"Alhamdulillahi," akasema, akaegemea ukuta, akafumba macho. Nilimwona siku ile amezeeka.

Baadaye zikaja kampuni na minara yao, wakaja wakubwa na hotuba za kuzindua, na jina lake halikutajwa. Mashine zetu mbili zilitupwa. Alifariki akiwa fundi redio wa mtaa. Sitakudanganya kwamba hilo limenitoka moyoni. Halijatoka. Nimekuwa mtu mzima nalo, nimezeeka nalo.

Lakini nawaona ninyi. Mna simu zinazofikisha neno mpaka nchi za mbali kabla mtu hajapepesa jicho. Mama yako anakuandikia, unasoma, unanyamaza, naye anakaa anajiuliza kama umekula, kama uko hai. Rafiki anakueleza shida yake, unamwandikia sawa, sawa, na hujui amesema nini. Mwanangu, mtu akikuambia jambo, mrudishie ajue umelisikia kama alivyolisema. Usione aibu kuuliza mara ya pili, kosa liko kwa anayejifanya amesikia. Na ukionewa kazini, pigania haki yako mbele ya waliokuonea, uso kwa uso. Usiukate waya wa mtu asiye na hatia aliye upande wa pili.

Nimemaliza. Mola akupe masikio yenye subira na moyo usiopuuza. Siku utakapoita kwa shida, akuwekee mtu wa kukujibu. Na Mhandisi Nassoro amlaze mahali pema, pamoja na Mwanaharusi binti Kombo. Amina.