Nyuzi za Mdogo Mtu

Wateja walimwita Mama Nyuzi, ingawa hakuwa na mtoto. Kazi yake ilikuwa kufunga nyuzi za raketi za badminton, na karakana yake ilikuwa chumba chini ya ngazi za ukumbi wa michezo: mashine, kiti, na feni inayolalamika kuliko wateja. Kila viatu vilipolia kwenye sakafu ya juu, masikio yake yalimsaka mdogo wake, aliyekuwa kazini ng'ambo.

Tangu usichana walicheza wawili upande mmoja, dada mtu mbele wavuni, mdogo mtu nyuma akitwanga. Sasa dada mtu alicheza na wengine, wazuri tu, lakini pengo halikuzibika.

Jumapili moja asubuhi simu ikaita.

"Dada, uzi umekatika."

"Kata zote sasa hivi! Anzia katikati uende nje. Ukiacha zilizobaki zivute upande mmoja, fremu itapinda kama ndizi."

Mkasi ukasikika. Mdogo mtu akaeleza kwamba hosteli yao ilikuwa na mashine kuukuu ya kufungia nyuzi, ila hakuna aliyeijua. Wakajaribu video, picha ikaganda, mdogo mtu kafumba jicho moja. Wakabaki na sauti.

"Ibane fremu kwenye vishikio vyote vya mashine, juu, chini na ubavuni. Isicheze, lakini usiikabe koo."

"Imekaa."

"Sasa vile vibomba vya plastiki kwenye matundu. Vyote vizima?"

"Kimoja kina ufa. Kadogo tu."

"Badilisha, uzi usije ukaila fremu. Usipoziba ufa…"

"Utajenga ukuta. Dada, umeshakuwa Mama yetu mtupu!"

Wakacheka mpaka dada mtu akafuta macho kwa upindo wa khanga.

Akamwelekeza nyuzi za wima: kutoka katikati, mmoja kushoto, mmoja kulia, fremu isielemewe. Muda si mrefu akasikia kwenye simu mlio mwembamba wa fremu, kwii.

"Simama! Umevuta upande mmoja?"

"Tatu tu. Nilitaka niumalize huu kwanza."

"Legeza polepole. Una haraka ya nini?"

"Kuna mtu ananisubiri tucheze. Jirani yangu wa chumba cha pili. Yeye anakaa mbele."

Dada mtu alishika ukingo wa kiti.

"Anakaa mbele?"

"Ndiyo. Ila tunagongana kila saa."

Dada mtu akasogeza simu karibu na mdomo. Hili hakuwahi kumwambia mtu.

"Mwambie asigeuke kukutazama. Asikilize miguu yako. Mguu wa kulia ukiburuza, ainame."

"Kumbe ndivyo ulivyokuwa unajua?"

"Endelea na kazi. Nyuzi za mlalo, anzia kichwani ushuke."

Fremu ikatoka salama, haina hata mkwaruzo. Mdogo mtu alishukuru mara tatu, akakimbilia mchezoni bila kukata simu, na dada mtu akasikiliza chumba kitupu cha hosteli hadi mtandao ulipokatika wenyewe.

Baada ya hapo mdogo mtu akawa fundi wa hosteli nzima. Simu zikapungua, alikuwa amefundishwa vizuri mno, hakuwa na la kuuliza. Dada mtu alijivunia, na alichoka kungoja. Mwishowe akapiga yeye.

"Mdogo wangu, vibomba vyako vizima?"

"Vyote vizima, Dada."

"Umevitazama leo?"

"Leo bado."

"Basi vitazame, kimoja kimoja. Usikate simu. Mimi nipo."