Daktari Aliyetazama Simu

Mwanapili wa Msambweni, muuza mahamri na mbaazi, si mtu wa kubabaishwa. Mteja mkorofi yeye humjibu neno moja tu, na mteja akala mahamri yake. Lakini siku ile alitoka kwa daktari kule Ukunda hajielewi, na si kwa sababu ya presha peke yake.

Presha ilimpanda tangu alipojifungua. Daktari Beryl, binti wa bara, alimpima vizuri, akamwandikia vidonge. Mwanapili akauliza lililomkaa rohoni: "Mwanangu Kheri anyonya. Dawa hii haitamdhuru?"

"Ngoja kidogo mama, nihakikishe," akasema daktari, akatoa simu, akaanza kusoma.

Ebo. Miaka yote ile ya kusomea udaktari, kisha ataka kuambiwa na simu? Simu hata wifi yake Fauzia anayo, na hajamtibu hata kuku.

"Haina shida. Mnyonyeshe tu," daktari akasema.

Mwanapili akashukuru kwa adabu, akavitia vidonge mkobani, na moyoni akaapa kuwa havimezi.

Kesho yake kichwa kilimgonga hata akaunguza mbaazi. Akajitanda leso, akambeba Kheri, akaenda kwa Mwalimu Chirau, mganga wa kitabu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Mwalimu akamuuliza jina lake na la mamake, akavaa miwani, akafungua kitabu, akawa apekua polepole. Mwanapili akatulia. Huyu ndiye mjuzi, hakurupuki, atazama kwanza.

Kisha akashtuka. Kumbe na huyu naye atazama?

Akamweleza habari ya vidonge, na ya simu, na ya maziwa. Mwalimu akapekua tena.

"Kombe nitakuandikia, aya kwenye sahani, uoshe maandishi kwa maji unywe, roho itulie," akasema. "Lakini hilo la maziwa, kitabu changu hakina."

"Na yule binti alilipata wapi?"

"Si wasema alilitafuta?"

Mwanapili alirudi nyumbani amechanganyikiwa kuliko alivyotoka. Kama kutazama ni ujinga, wote wawili ni wajinga. Kama ni ujuzi, basi alimdharau binti wa watu bure. Akaketi jikoni, maji ya kombe mkono huu, kidonge mkono huu. Akapiga bismillahi, akameza vyote viwili.

Kheri akaanza kulia, ataka ziwa. Mwanapili akamtazama mwanawe, hofu imemjaa tele, hajui bado amwamini nani. Akalegeza leso, akampa.