Alama ya 41 chini ya mpini

Saa mbili asubuhi, Delmer Stidham anasikiliza chuma. Ameinamisha kichwa juu ya bastola mpya ya silinda, anavuta nyundo yake kwa kidole gumba, polepole kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mgonjwa. Silinda inazunguka. Mlio mdogo unasikika: tiki. Tundu la kwanza la risasi. La pili. La tatu.

Anapofika la nne, anaishusha bastola mezani.

"Mbona umesimama?" anauliza Bi Opal Ratliff, mjane wa miaka sabini na sita, aliyekaa karibu na jiko la kuni.

"Nakunywa kahawa kwanza, Bi Opal."

"Kikombe hakina kitu, Delmer. Nakiona toka hapa."

Karakana ya Delmer ni chumba kimoja nyuma ya duka la chambo cha samaki, katika mji mdogo mashariki mwa Kentucky. Ni fundi bunduki mwenye miaka sitini na tatu. Macho yamechoka, na mgongo haunyooki vizuri kabla ya saa nne. Kazi aliyoizoea ni kutengeneza silaha zilizozeeka. Siku hizi zinazomjia kwa wingi ni mpya, bado zina mafuta ya kiwandani.

Tangu Januari amepokea bastola mpya thelathini na nane ili azikague kabla wenyewe hawajazitumia. Kumi na nne zilikuwa na kasoro. Moja mtutu wake ulikuwa umefungwa upande. Nyingine ilikuwa na unga wa chuma ndani ya silinda, kama jino lililojaa makombo.

"Mtu ametoa dola mia sita na themanini," anasema. "Anaifungua kama zawadi ya Krismasi. Halafu mimi ndiye wa kumwambia."

Bastola hii iliyo mezani Bi Opal aliinunua Machi, baada ya mbweha kummalizia kuku wake saba. Ubaya wake ulikuwa kwenye tundu la nne. Nyundo ilifika mwisho kabla silinda haijajifunga. Risasi ikifyatuka hivyo haikabili mtutu sawasawa, na vipande vya risasi vinaweza kumrukia mtu usoni.

Delmer angeweza kuitengeneza kwa saa mbili. Lakini fundi wa nje akishagusa ndani, dhamana ya kiwanda inakufa. Kwa hiyo aliirudisha kiwandani, akachukua dola ishirini za ukaguzi, na Bi Opal akasubiri wiki saba hadi iliporudi.

"Wiki saba nawafukuza mbweha kwa sufuria na mwiko," anasema Bi Opal. "Wameanza kuucheza ule muziki."

Delmer anacheka kidogo, kisha kicheko kinakatika. Kinachomchosha hasa ni alama iliyo chini ya mpini.

Alifanya kazi katika kiwanda hichohicho miaka ishirini na sita, kumi na tisa ya mwisho kwenye meza ya ukaguzi. Huko kila mkaguzi hupewa muhuri wa chuma wenye namba yake. Akiridhika, huugonga kwa nyundo chini ya mpini, mahali ambapo mnunuzi haoni mpaka afungue skrubu. Namba ya Delmer ilikuwa 41. Siku ya kuagwa kwake, mkewe, Reba, aliiandika juu ya keki.

Aliondoka miaka minne iliyopita, muda wa kukagua bastola moja uliposhushwa kutoka dakika kumi na mbili hadi moja na nusu. Aliuacha muhuri mezani, akidhani utalala kwenye droo.

Haukulala. Alipewa mkaguzi aliyemfuata.

"Mwaka jana nililetewa bastola ya hovyo kabisa," anasema. "Nikafungua mpini, nikajikuta mwenyewe mle ndani."

Katika zile kumi na nne za mwaka huu, tisa zina 41. Kwenye mtandao wanunuzi wameanza kuonyana: ukiona 41, rudisha. Mjini kila mtu anajua namba ile ni ya nani. Kinyozi wake alimuuliza, mkasi ukiwa sikioni, "Delmer, siku hizi unakunywa asubuhi?" Ulikuwa utani. Hakulala vizuri siku mbili.

Aliandikia ofisi ya malalamiko mara tatu. Mara tatu akajibiwa kwa barua iliyochapwa, inayomshukuru kwa kuwa mteja.

Ndipo bastola ya Bi Opal, nayo yenye 41, ilipomfumbua macho. Alikumbuka kuwa kila bastola inayorudishwa kiwandani hupita tena kwenye meza ya ukaguzi, mpini ukiwa umefunguliwa. Akaandika kikaratasi, akakikunja, akakificha chini ya mpini:

"Wewe 41 wa sasa. Tundu la nne halijifungi. Ukivuta nyundo haraka, silinda inajisukuma yenyewe na inakudanganya. Vuta polepole. Mimi ni 41 wa zamani. Kila nilipojiridhisha mara mbili, niliweka nukta pembeni ya namba."

"Unaongea na chuma au na mimi?" Bi Opal anamshtua. "Maliza, mwanangu. Kama ni mbovu, ni mbovu."

Delmer anaichukua. Anavuta nyundo, polepole kuliko mwanzo.

Tiki.

La nne limejifunga. La tano. La sita. Anarudia mzunguko mzima mara mbili, kisha anachukua bisibisi. Mpini unatoka. Kikaratasi chake kimo, kimekunjwa upya. Nyuma yake kuna maandishi ya penseli:

"Wananipa dakika moja na nusu. Hii niliifanya wakati wa chakula cha mchana. Kuna nyingine? Shawna."

Kwenye chuma, pembeni ya 41, kuna nukta. Imekaa upande kidogo, kama ya mtu anayejifunza.

Delmer anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena.

"Nenda nayo kwa kuku wako, Bi Opal."

"Na wewe?"

Anatazama rafu. Tatu kati ya zile tisa bado zipo, zinasubiri kurudishwa. Kila moja ataitilia kikaratasi chake, anasema, chenye kasoro moja na namna ya kuikamata. Akipata jibu la pili, atamwomba Shawna aje hapa Jumamosi moja, wakae na bastola moja dakika zote kumi na mbili.

"Ila tatu hizi ni milo mitatu ya mchana," anasema. "Huyu mtoto atakonda."

Ananyanyua simu, anampigia mkewe.

"Reba, nioke kitu gani... hapana, wewe ndiye uoke. Kitu kisichoharibika siku tatu njiani. Ndiyo, kwa posta, hadi kiwandani. Na juu yake andika 41."

Anasikiliza.

"Na uweke nukta."