Macho ya Mcheza Kinyago

Chuoni wanafunzi walimwita Mama Kisigino, maana mguu ukikosea kugonga sakafu alisikia hata akiwa amewapa mgongo. Alifundisha ngoma ya vinyago, na kioo kikubwa cha darasani alikifunika shuka. Mkuu wa chuo alidhani ni ushirikina. Haikuwa hivyo, au tuseme si hivyo tu. Anayevaa kinyago, aliwaambia wanafunzi, si yeye tena, ni mzee wa zamani aliyekuja kusalimia, na mzee hajitazami. Hutazamwa na ndugu wa mchezaji, na ngoma ikiisha ndugu huyo humvua kinyago kwa mikono yake na kumwita arudi. Asiyeitwa habaki sawa.

Ndugu wa Mama Kisigino alikuwa dada yake. Alimtazama tangu wangali wasichana, na ulimi wake ulikuwa wembe. Mwaka jana walimzika. Tangu hapo Mama Kisigino alifundisha kwa mdomo tu, kinyago hakukigusa, na kwa majonzi akakonda mpaka nguo zikamzidi.

Sasa mkuu akamkalia kooni: acheze mwenyewe mbele ya wakaguzi, la sivyo somo lifutwe.

Basi asubuhi moja, kabla ya vipindi, aliingia darasani peke yake, akavuta shuka, akavaa kinyago. Alijiambia kioo kitamtosha. Alicheza vizuri, hilo tusimnyime. Lakini alipotaka kukivua, mikono ilikataa kupanda. Ubaridi ukampanda miguuni. Akasimama pale, akivuta harufu ya mbao, na aliogopa, aliogopa kweli, kwamba hakubaki mtu wa kumwita.

Vidole vikashika kinyago kutoka nyuma. Kikavuliwa taratibu.

"Rudi, mama mdogo."

Alikuwa binti wa marehemu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, ambaye Mama Kisigino alimkwepa tangu msiba kwa jinsi alivyofanana na mama yake. Alisema alikuwa mlangoni tangu mwanzo.

Mama Kisigino akajifuta uso, akamuuliza amekosea wapi.

"Hujakosea. Ila kwenye kioo mlikuwa wawili."

Hakubisha. Alikaa sakafuni, machozi yakimtoka bila aibu, kisha akauliza:

"Naye alikuwa anacheza?"

"Hapana. Alikuwa amekaa, anakutazama. Halafu akanigeukia mimi, akaondoka."