Karibu Mezani

Jana jioni kinyozi wetu hapa Karatu alinisogezea kete, akasema, "Tutamalizia asubuhi, babu." Tukaufunika ubao wa drafti kwa gunia, pale pale kwenye benchi. Leo nafika, nakuta watu nje ya kibanda wananiambia amefariki. Nikabisha. Huyu aliyewafunga mabingwa kutoka Mbulu mpaka Arusha, huku mteja akimngoja na kichwa kilichonyolewa upande mmoja? Kete zake zilikuwa vizibo vya soda. Kila moja aliipuliza kwanza kama chai ya moto, ndipo akaisogeza uile. "Karibu mezani," alisema taratibu, na ukishakula, yeye anakula zako tatu. Kukataa huwezi, sheria ya drafti ni kula. Mke wangu Germana alipofariki niligoma chakula. Kinyozi akaja msibani na ubao kwapani, akanitegea kete. "Karibu mezani, babu. Sheria ni kula." Nikaila, nikacheka. Binti yangu akaleta ugali, nikala. Sasa nimefunua gunia. Kete yake ya jana iko mbele yangu. Sheria naijua. Mkono haunyanyuki.