Eda ya Mjane wa Askari

Juzi nilikuwa Kipini, nimekaa kwenye benchi la ofisi ya Serikali nikingojea leseni ya duka, kazi inayozeesha mtu kabla ya siku zake. Mbele yangu dirishani alisimama mama wa buibui. Mumewe, askari polisi, alizama mtoni karibu na Garsen akivusha wafungwa. Mama alikuja kudai kiinua mgongo cha marehemu.

"Umechelewa, mama," karani alisema bila kuinua macho. "Mjane hutakiwa aje mwenyewe kabla miezi mitatu haijapita."

"Ningetokaje, mwanangu? Nilikuwa ndani, nimekaa eda. Miezi minne na siku kumi. Nimetoka juzi."

"Eda naijua. Hata mamangu alikaa. Lakini Serikali haina eda."

Mama hakubishana. Aliuliza tu, sasa afanyeje? Karani akatazama saa, akaanza kuvuta dirisha.

"Rudi wiki ijayo. Leo twafunga mapema, tuna msiba. Bwana mkubwa aliyekuwa hapa zamani amefariki kwao Ulaya."

Uani, bendera ilikuwa imeshushwa nusu mlingoti. Mama aliitazama kitambo, kisha akajifunika vizuri.

"Poleni sana," akasema. "Kumbe eda mnayo."

Karani alifunga dirisha polepole, macho chini.

Nami nimerudi nyumbani bila leseni, nimechoka hata kukasirika. Nataka kujua jambo moja tu: mke wa yule bwana mkubwa, huko Ulaya, amepewa miezi mingapi?